Mgombea wangu ana doa: nimpe kura, nimpe jukwaa, au nikae nyumbani?

SWALI: Shikamoo. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huko Kibosho, Moshi. Kuna mtu anajipanga kugombea urais mwaka 2030 na watu wake wameshaanza kupita kwetu. Sera yake ya kupunguza makato ya mkulima naipenda. Lakini amehama vyama mara mbili, ana hasira (aliwahi kumtukana mtendaji wa kata mbele za watu), na kuna maneno juu ya kiwanja alichojipatia alipokuwa kiongozi. Kaka yangu anasema ukimpa kura mwenye doa, na wewe umepakwa. Mwanangu anasema heri tusipige kura kabisa. Na wao wameniomba nipande jukwaani kumnadi. Nifanyeje?

JIBU: Mama, salamu zimefika. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kura, jukwaa na kukaa nyumbani. Kila moja lina mzani wake, kwa hiyo nitayatenganisha. Kwanza doa lenyewe.

Mnajua wenyewe mnavyochambua kahawa: buni ikimwagwa kwenye maji, iliyo tupu inaelea, nzito inazama. Maneno juu ya mgombea nayo yako hivyo. Chukua karatasi uyapange kwa uzito. Kuna uvumi, yaani "watu wanasema". Kuna tuhuma, ambapo mtu mwenye jina amesema hadharani na anaweza kubanwa aeleze. Kuna matokeo ya uchunguzi, kama ya CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali), TAKUKURU au kamati ya Bunge. Na kuna hukumu ya mahakama. Wengi wetu tunaharibu hesabu mapema: kwa tusiyempenda tunaridhika na uvumi, kwa tunayempenda tunadai hukumu. Ukidai hukumu kwa huyu wako, uidai na kwa mpinzani wake.

Hilo la kiwanja lisiishie kubishaniwa kwenye kilabu cha mbege. Tafuta namba ya kiwanja na kitalu, nenda ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi rasmi. Ni huduma ya kawaida, yenye ada yake, na mnunuzi yeyote makini wa kiwanja huifanya kabla hajatoa hela. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani kama ipo, na zuio kama lipo. Hayatakuonyesha kiwanja kilipatikanaje, na hapo ndipo watu wanapoteleza: jina lake likionekana wanapiga yowe "kaiba", lisipoonekana wanasema kaandikisha kwa jina la shemeji. Kumiliki si kosa. Cha kutafuta ni tarehe na mlango: je, alimilikishwa akiwa madarakani, na ofisi aliyokuwa anaisimamia yeye, kwa utaratibu ambao wengine hawakupewa?

Kwa hilo soma ripoti ya CAG ya halmashauri ile kwa mwaka ule. CAG humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, kisha inawekwa mezani bungeni, kwa kawaida Aprili, na baada ya hapo inapatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Kama jamaa aliwahi kuwa mbunge, Hansard, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge, zitakuonyesha alisimamia nini na alinyamazia nini. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII, andika tu jina lake kwenye sehemu ya kutafutia. Ni kazi ya jioni mbili. Mpe mwanao huyo asiyetaka kupiga kura, angalau simu yake ifanye kazi ya taifa.

Doa litakalobaki baada ya hapo, lipime kwa swali hili: Ikulu italifanya nini? Mtu anayejisifu, au aliyeachana na mkewe, au anayehutubia kwa saa tatu, anaudhi, lakini ofisi haimwongezei hatari. Doa la kuogopa ni lile linalogusa breki, kwa sababu gari hili lina breki chache. Ibara ya 37 ya Katiba ya 1977 inasema Rais hatalazimika kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka afanye hivyo. Uteuzi wa mawaziri, wakuu wa mikoa na wilaya, majaji na wakuu wa vyombo vya ulinzi uko mikononi mwake. Ibara ya 46 inamkinga na mashtaka ya jinai akiwa madarakani. Ibara ya 41(7) inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ilisema Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika, lakini maneno ya kifungu hicho yalibaki kwenye Katiba. Kumwondoa kwa ibara ya 46A kunahitaji taarifa iliyosainiwa na angalau 20% ya wabunge, kisha theluthi mbili za kuunda kamati ya uchunguzi, kisha theluthi mbili tena za kumtia hatiani. Hakuna Rais wetu aliyewahi kuondolewa hivyo.

Kwa hiyo hasira ya mgombea wako naiona nzito kuliko kiwanja, na najua wengi wangepanga kinyume. Mtendaji wa kata aliyetukanwa alirudi ofisini kesho yake. Mkurugenzi wa halmashauri akimkera Rais anaweza kuamka hana kazi, na wenzake wote nchini wakajifunza kunyamaza. Wakinyamaza, hata taarifa kwamba bei ya kahawa imeanguka inafika juu imepakwa asali.

Namna ya kuipima hasira si kumtazama akiwa jukwaani. Tafuta watu watatu waliowahi kumkatalia jambo akiwa kwenye cheo: mhasibu aliyegoma kusaini, katibu aliyesema utaratibu hauruhusu, mjumbe aliyepiga kura ya hapana. Uliza wako wapi leo. Kama wawili walihamishwa ndani ya miezi michache na wa tatu hataki hata kuongea, umeshapata jibu. Kama wote wapo, na mmoja anakuambia "alinifokea, kesho yake akanipigia tukaendelea na kazi", huyo ni mtu mwenye mdomo mkali, na mdomo mkali unavumilika. Uliza pia kama yule mtendaji wa kata aliombwa radhi, na kama aliombwa hadharani kama alivyotukanwa.

Kuhama vyama peke yake nisingekupa uzito. Tangu mfumo wa vyama vingi urudi mwaka 1992, wanasiasa wengi wakubwa wameshabadilisha kadi, na sheria zetu zinawasukuma: ibara ya 39 inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama na amedhaminiwa na chama hicho, mgombea binafsi hana nafasi. Augustine Mrema, ambaye nyie wa Kilimanjaro hamhitaji kusimuliwa, alitoka kwenye uwaziri na CCM mwaka 1995 akapata 27.77% ya kura za urais kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Mwaka 1999 akahamia TLP, na 2000 akapata chini ya 8%. Swali la kuuliza ni kama maneno yake yalibadilika pamoja na fulana. Chukua jambo moja, hayo makato ya kahawa kwa mfano, utafute alisema nini akiwa chama cha kwanza, cha pili na cha sasa. Kama ni lilelile, basi alihama na msimamo wake. Kama kila chama alikikuta na msimamo akauvaa, hata sera unayoipenda imeazimwa tu.

Kwenye suala la kumwunga mkono mwenye doa, mkoa jirani una mfano ambao haujachakaa. Septemba 2007 Dkt. Willibrod Slaa wa CHADEMA alisoma kwenye mkutano wa hadhara Mwembeyanga, Dar es Salaam, orodha ya waliodaiwa kuwa mafisadi, jina la Edward Lowassa, mbunge wa Monduli na Waziri Mkuu wa wakati huo, likiwemo. Februari 2008 Lowassa akajiuzulu kwa sakata la Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura. Julai 2015, baada ya jina lake kukatwa CCM, akajiunga na CHADEMA akawa mgombea wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani. Slaa akajiweka kando. Lowassa mwenyewe alisema mwenye ushahidi aende mahakamani, na hakuwahi kushtakiwa. Hilo lazima lisemwe.

Faida ilionekana: kura 6,072,848, sawa na 39.97%, kiwango ambacho hakuna mgombea urais wa upinzani aliyekuwa amekifikia katika mfumo huu, dhidi ya 58.46% za Magufuli. Hasara pia ilionekana. Chama kilichojijenga kwa miaka minane juu ya neno "ufisadi" kikajikuta mikutanoni kinazungusha mikono kuimba mabadiliko, na neno lile likawa zito kulitamka. Machi 2019 Lowassa akarudi CCM. Aliyesema mwaka 2015 "nampa kura, na Richmond bado nina maswali" alibaki na maswali yake na heshima yake. Aliyesema "Richmond ilikuwa uzushi mtupu" kwa sababu tu mtu amehamia kwao, 2019 alikosa pa kuweka uso. Kura waliyopiga ilikuwa ileile.

Hapo ndipo ninapoachana kidogo na kaka yako. Kura ya rais ni alama moja kwenye karatasi, haina sehemu ya kuandika "lakini". Ufaransa, Mei 2002, mamilioni ya wapiga kura wa mrengo wa kushoto walimpa kura Jacques Chirac ili kumzuia Jean-Marie Le Pen. Hawakumpenda, na tuhuma za fedha za alipokuwa meya wa Paris walizijua (alitiwa hatiani mwaka 2011). Raundi ya kwanza Chirac alikuwa na chini ya 20%, ya pili akapata zaidi ya 82%. Masanduku hayakuonyesha nani alipenda na nani alibana pua. Kaka yako ana haki kuogopa hilo: mshindi atazihesabu kura zote kuwa ni mapenzi. Lakini dawa yake ni kuiweka ile "lakini" mahali pengine, kwa maandishi na kwa sauti, kabla ya siku ya kura. Kupakwa doa kunaanza pale unapoanza kulitetea.

Mwanao naye nimsikilize. Akidhani kukaa nyumbani kunamnyima mtu ushindi, ajue sheria haisemi hivyo. Hakuna kiwango cha chini cha mahudhurio. Mwaka 2010 walipiga kura takriban 43% tu ya walioandikishwa, na Rais aliapishwa kama kawaida. Kura iliyoharibika inahesabiwa kuwa imeharibika, basi. Na kwetu hakuna raundi ya pili. Hadi mwaka 2000 Katiba ilitaka mshindi avuke nusu ya kura, marekebisho ya mwaka huo yakaondoa sharti hilo, sasa anayeongoza ndiye Rais hata kwa 40%. Ukivuka Namanga, Kenya wanataka nusu na zaidi, pamoja na 25% kwenye kaunti 24. Tofauti hii inabadilisha hesabu yako. Chukulia mmoja ana 46, mwingine 38, wa tatu 16. Kenya unaweza kumpa wa tatu kura ya moyo, kisha raundi ya pili ukachagua kwa akili. Hapa moyo na akili vinaingia kwenye chumba cha kura mara moja.

Lakini mwanao ana hoja moja ambayo siwezi kuifunika. Mwaka 2025 CHADEMA hakikuwa kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, mgombea wa ACT-Wazalendo aliondolewa, na mshindi akatangazwa kwa karibu 98%. Maandamano na vifo vya kuanzia Oktoba 29, Arusha ikiwemo, bado ni kidonda. Kama mwaka 2030 karatasi itakuwa imechujwa hivyo, kupima doa la huyu na la yule ni kama kuchagua mchele ambao mwingine ameshauchagua. Kwa hiyo uamuzi wa kwenda au kutokwenda usiufanye leo. Ufanye majina yakishateuliwa. Kinachotakiwa mapema ni kuhakikisha jina lako na lake yako kwenye daftari, maana aliyejiandikisha anaweza kuamua kutokwenda, asiyejiandikisha hana cha kuamua.

Tena karatasi ni tatu, ya rais, mbunge na diwani, na hakuna sheria inayotaka zote ziende chama kimoja. Kwa mgombea mwenye doa linalogusa breki, hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote: mpe yeye urais kama sera yake imekushinda, kisha ubunge umpe mtu wa chama kingine mwenye ujasiri wa kumkatalia. Zile theluthi mbili za kubadili Katiba au kumwondoa Rais zinahesabiwa bungeni. Viti maalum navyo vinagawanywa kwa uwiano wa kura za ubunge kwa vyama vilivyopata angalau 5%, kwa hiyo karatasi ya mbunge inafanya kazi hata pale mtu wako anaposhindwa jimboni. Moshi mnalijua hili: mwaka 2005, Kikwete anapata zaidi ya 80% nchi nzima, Moshi Mjini ilimrudisha bungeni Philemon Ndesamburo wa CHADEMA.

Mgombea mwenza watu humpita kama picha ya pembeni. Rais akifa au akishindwa kuendelea, Makamu anamalizia kipindi bila uchaguzi, kama Machi 2021 tulivyoona. Lazima atoke upande wa pili wa Muungano, kwa hiyo mara nyingi nyie wa bara mnamjua kidogo. Mchunguze kwa yale maswali yaleyale. Mgombea mwenye hasira aliyemchagua mwenza mtulivu mwenye msimamo amekuambia kitu. Aliyechagua wa kuitikia tu, pia.

Sera yenyewe sasa, maana usije ukavumilia doa kwa ajili ya ahadi isiyo na mwili. "Nitapunguza makato" si ahadi. Muulize: makato yapi? Ushuru wa mazao wa halmashauri? Tozo ya bodi? Au makato ya chama cha msingi chenyewe, ambayo mnapitisha nyie kwenye mkutano mkuu na Rais hayamhusu? Kutoka asilimia ngapi hadi ngapi, kwa bajeti ya mwaka gani? Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka 5% hadi 3%. Ile ilikuwa namba, ilipita bungeni, na mkulima aliweza kuiona kwenye stakabadhi. Ushuru kama huo hubadilishwa kwa Sheria ya Fedha, bajeti ikisomwa Juni. Mgombea asiyejua hilo anaweza kuwa mtu mzuri, ila hajaisoma sera yake.

Jukwaani usipande. Nalisema bila kuzunguka. Kura ni siri yako, na ukijutia unajutia mwenyewe. Jukwaani unatoa kitu kisichokuwa chako peke yako: imani ambayo wanachama wa vyama vyote wamekupa kama katibu wa ushirika. Msimu wa kampeni ni msimu wa kahawa, utamnadi mtu asubuhi na jioni upime kahawa ya mkulima aliyechukizwa na ulichosema. Kama ni lazima umsaidie, mwalike mkutanoni mumhoji kuhusu makato, na wapinzani wake waalikwe kwa masharti hayohayo. Au kubali kuongea sera hiyo moja tu, kwa jina lako bila cheo, na uwaambie kabla kwamba ukiulizwa habari ya yule mtendaji wa kata utajibu kweli. Wengi wakisikia sharti hilo hawarudi, na utakuwa umeokoa nauli. Wakija na khanga au "nauli ya kamati", kataa: Mahakama Kuu iliibatilisha takrima, yaani zawadi za "ukarimu" za wagombea, tangu 2006, na rushwa ya uchaguzi inampata mpokeaji pia.

Ukiamua kumpa kura, andika karatasi ya mistari minne na tarehe juu. Wa kwanza, sababu yako moja ya kumchagua. Wa pili, doa unalolijua na ushahidi ulioupata, kwa daraja zile nne. Wa tatu, jambo ambalo akilifanya kabla ya kura unaondoka, kwa mfano kumtishia mwandishi au kumtukana mtumishi mwingine. Wa nne, siku ya kumpima: orodha yake ya kwanza ya wakuu wa mikoa na wilaya, kisha bajeti ya Juni 2031. Mpe kaka yako nakala moja, kwa kuwa yeye hatakubali uibadilishe baadaye. Na yako iweke nyumbani, isilale kwenye faili za chama cha msingi. COASCO, wakaguzi wa vyama vya ushirika, wakija kukagua, mtakuwa na mengine ya kueleza.